Madhila ya Utotoni na Mawazo Yasiyokwisha

Kila aliyeishi miaka ya kutosha baina ya watu amepata kuliona jambo hili: ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja, wakalelewa nyumba moja, wakapigwa kwa fimbo moja na kutukanwa kwa ulimi mmoja, hufika utu uzimani wakiwa katika hali mbili zilizo mbalimbali, mmoja akifanya kazi zake, akioa na kulea, na kuyakumbuka ya zamani kwa nadra na bila ya kuumia sana, na mwingine akiwa hana usingizi wala raha, moyo wake umejaa majonzi asiyoweza kuyatajia chanzo, na kifua kikimwenda mbio kwa hofu ya mambo ambayo hayajatokea. Walimwengu wamezoea kulieleza jambo hilo kwa maneno mepesi, wakisema kwamba yule wa kwanza ana moyo mgumu na huyu wa pili ana moyo mwepesi. Lakini maelezo ya namna hiyo hayaelezi kitu, kwa sababu hayatuambii ni nini hasa kinachopita katika nafsi ya huyu ambacho hakipiti katika nafsi ya yule. Wataalamu wa elimu ya nafsi wamelishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miaka 30, na moja kati ya majibu yao, ambalo si jibu zima lakini lina ushahidi mwingi, ni kwamba sehemu kubwa ya athari za madhila ya utotoni humfikia mtu mzima kwa kupitia tabia ya kuwaza na kuwazua, yaani ile desturi ya akili kuyarudia machungu yale yale, usiku na mchana, bila ya kufikia uamuzi wala kitendo.

Kwamba madhila ya utotoni huacha athari ukubwani si jambo la kubahatisha. Katika miaka ya 1980 tabibu Vincent Felitti wa mji wa San Diego, Marekani, alikuwa akiongoza mpango wa kuwatibu watu wenye unene wa kupindukia, akastaajabu kuona kwamba baadhi ya wagonjwa waliokuwa wakifanikiwa kupunguza uzito ndio hao hao waliokuwa wakiyaacha matibabu. Na alipowahoji kwa utaratibu akagundua kwamba wengi wao walinajisiwa au kudhulumiwa walipokuwa watoto. Baadaye alishirikiana na Robert Anda, mtaalamu wa taasisi ya serikali ya Marekani ya kuzuia maradhi, na wawili hao pamoja na wenzao wakawauliza maelfu ya watu wazima habari za utoto wao: je, walipigwa, walitukanwa, walinajisiwa, je, mama yao alipigwa mbele ya macho yao, je, nyumbani mwao mliishi mlevi, mgonjwa wa akili au mtu aliyepata kufungwa? Taarifa yao ya kwanza, iliyotolewa mwaka 1998 na kujengwa juu ya majibu ya watu zaidi ya 9,500, ilionyesha kwamba zaidi ya nusu walikutwa na aina moja au zaidi ya madhila hayo, na kwamba wale waliokutwa na aina nne au zaidi walikuwa na hatari ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona (yaani ugonjwa wa huzuni nzito) na kujaribu kujiua iliyo kubwa mara 4 hadi 12 kuliko wale ambao hawakukutwa na lolote.

Hesabu hizo zilithibitisha kwamba ipo njia baina ya utoto na ukubwa, lakini hazikuonyesha njia hiyo yapita wapi. Aliyefanya kazi kubwa kuliko wengi katika kuitafuta ni mwanamke wa Kimarekani, Susan Nolen-Hoeksema, aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Stanford, Michigan na Yale hadi alipofariki mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 53. Dhana yake ilikuwa kwamba huzuni humjia kila mwanadamu, walakini muda itakaokaa hutegemea sana namna mtu anavyoipokea: yuko aipokeaye kwa kuinuka na kutenda jambo, hata dogo, na yuko aipokeaye kwa kuketi akijiuliza kwa nini anajisikia hivyo, ana kasoro gani, na kwa nini wengine hawapatwi na yanayompata yeye. Mwaka 1989 kadari ikampa mtihani ambao hakuna mtafiti angeweza kuupanga. Alikuwa amekwisha kupima hali ya moyo na namna ya kuwaza ya wanafunzi 137 wa Stanford, na majuma mawili baadaye, tarehe 17 Oktoba, tetemeko kubwa la ardhi likalipiga eneo la San Francisco na kuua watu zaidi ya 60. Yeye na mwenzake Jannay Morrow wakawarudia wanafunzi wale wale siku 10 baada ya tetemeko, na tena baada ya majuma 7, wakakuta kwamba waliokuwa na desturi ya kuwaza na kuwazua kabla ya maafa ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona baada yake, hata ilipozingatiwa hali yao ya moyo ya mwanzo. Ardhi iliwatikisa wote, lakini mtikisiko huo haukuzipeleka nyoyo zao mahali pamoja.

Sasa itafaa tujiulize desturi hiyo huota mizizi vipi katika nafsi ya mtoto. Mtoto aishiye na mtu mzima asiyetabirika hana nguvu za kupigana wala mahali pa kukimbilia, na silaha pekee aliyo nayo ni akili yake. Hujifunza kusikiliza hatua za miguu ukumbini, namna ufunguo unavyozungushwa mlangoni, uzito wa salamu na urefu wa kimya, ili ajue kama usiku ule utakuwa wa amani au wa kipigo. Na kipigo kikisha kupita hulala akijiuliza amekosa nini. Swali hilo, ijapokuwa ni chungu, lina faida iliyositirika ndani yake, kwa sababu mtoto anayeamini kwamba kosa ni lake huamini pia kwamba akijirekebisha atapona, ilhali kukiri kwamba mtu anayemtegemea kwa chakula na malazi ni dhalimu ni mzigo unaoushinda umri wake. Kwa hiyo akili yake hujizoeza kutafuta hatari iliyo mbele na kosa lililo nyuma, na mazoezi hayo yakirudiwa mwaka baada ya mwaka huwa tabia isiyohitaji amri. Miaka 20 baadaye dhalimu yule amekwisha kufa au yuko mbali, lakini akili bado iko zamu. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na huyu hushtuka, kisha akakesha akiuwaza ung'ongo ule hadi alfajiri.

Aghalabu watu hudhani kwamba kipigo ndicho kinachoharibu kuliko yote, kwa kuwa huacha alama ionekanayo. Lakini uchunguzi juu ya mawazo yasiyokwisha umeyapa maneno nafasi yao pia. Mwaka 2002 Jelena Spasojević na Lauren Alloy wa chuo kikuu cha Temple, Philadelphia, walionyesha kwamba vijana waliodhulumiwa kwa matusi na dharau, au kunajisiwa, walikuwa na desturi kubwa zaidi ya kuwaza na kuwazua, na kwamba desturi hiyo ilieleza sehemu ya uhusiano uliopo baina ya dhuluma zile na sonona yao. Sababu mojawapo ni rahisi kuitambua: mtoto apigwaye bila ya neno hubaki kutafuta mwenyewe maana ya kipigo, na huenda akaipata iliyo nafuu, bali mtoto aambiwaye kila siku kwamba ni mjinga, mzigo, au kwamba laiti asingalizaliwa, hupewa maana iliyokwisha kutayarishwa, na akikua huendelea kuyasema maneno yale ndani ya nafsi yake kwa sauti anayodhani kuwa ni yake.

Ushahidi mpana zaidi ulitoka Uingereza mwaka 2013, wakati Peter Kinderman wa chuo kikuu cha Liverpool na wenzake walipotangaza matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa msaada wa shirika la utangazaji la BBC, ambamo watu zaidi ya 32,000 walijibu maswali juu ya ukoo wao, kipato chao, misiba yao, dhuluma walizopata na namna wanavyowaza. Ilionekana kwamba matukio mazito ya maisha, pamoja na historia ya maradhi ya akili katika ukoo, yalihusiana kwa nguvu na sonona na wasiwasi; lakini ilionekana pia kwamba sehemu kubwa ya nguvu hiyo ilipita katika milango miwili, wa kwanza ukiwa kuwaza na kuwazua, na wa pili kujilaumu. Tena katika mwaka huo huo Nolen-Hoeksema na wenzake walichapisha uchunguzi uliowafuata vijana na watu wazima kwa muda, wakaonyesha kwamba matukio ya dhiki yalizidisha desturi hiyo, nayo desturi ikasaidia kuleta dalili za wasiwasi kwa wote, na za sonona pia kwa watu wazima. Hapa ndipo tunapofahamu kwa nini maradhi haya mawili hupenda kukaa pamoja katika kifua kimoja: fikra ile ile, ikielekezwa nyuma, huuliza kwa nini yalinipata, na matunda yake ni majonzi, ikielekezwa mbele, huuliza itakuwaje yakinipata tena, na matunda yake ni hofu.

Mtu mwenye busara atauliza hapa kama basi kufikiri ni dhambi, na kama aliyedhulumiwa anapaswa kuyasahau yote yaliyompata. Hasha. Tafakuri ni jambo moja na kuzunguka ni jambo jingine, na wataalamu wenyewe walizitenga mbili hizo mwaka 2003, walipoona kwamba katika maswali yaliyotumiwa kupima desturi hii mlikuwa na mambo ya namna mbili, moja la mtu kukaa na kuyachungua yaliyompata kwa nia ya kuyafahamu na kuyatatua, na jingine la kujilinganisha kwa uchungu na hali ambayo hakuifikia. Hili la pili ndilo lililoonekana kufungamana zaidi na sonona inayodumu. Katika miji ya pwani alikuwako ngamia wa kinu cha mafuta ya ufuta, aliyefungwa macho akazunguka kutwa nzima, na magharibi alipofunguliwa alijikuta pale pale alipoanzia. Tofauti ni kwamba ngamia yule aliacha nyuma yake mafuta, na mtu awazaye kwa kuzunguka huacha uchovu mtupu.

Edward Watkins wa chuo kikuu cha Exeter, Uingereza, ameonyesha alama ambayo kwayo mtu anaweza kuzitambua fikra hizo mbili. Chukua mfano wa karani aliyekemewa na mkubwa wake mbele ya wenzake. Akirudi nyumbani akajiuliza kwa nini yeye siku zote ni mtu wa kukemewa, na kuna kasoro gani katika nafsi yake hata asiheshimiwe, swali lake halina mwisho, kwa sababu halielekei kwenye tukio, bali huelekea kwenye thamani yake yote kama mwanadamu, na kila jibu humfungulia kumbukumbu nyingine, mpaka afike kwa baba aliyemwita mpumbavu alipokuwa na umri wa miaka saba. Lakini akijiuliza ni nini kilichotokea hasa, kosa lilikuwa katika ukurasa upi wa daftari, na kesho asubuhi aanze na lipi, swali lake lina mpaka na lina jibu, na likisha kujibiwa laweza kuachwa. Kwa hiyo fikra inayozaa hatua iachwe iendelee, na fikra inayozaa fikra nyingine isiyo na hatua ikatizwe.

Mwili nao haubaki salama. Hasira, hofu na fedheha huusukuma moyo kwenda kasi na kuamsha homoni za tahadhari, na mambo hayo yameumbwa yadumu kwa muda mfupi, kiasi cha mtu kukimbia au kujitetea, kisha yatulie. Lakini tukio lililochukua robo saa, likiwazwa kwa miaka, huurudisha mwili katika tahadhari ile kila linapowazwa, na mtu huamka amechoka kama kwamba hakulala, huumwa kichwa na tumbo, akaenda hospitali kutafuta malaria ambayo haimo damuni mwake.

Msomaji asidhani kwamba habari hizi ni za San Diego na Liverpool peke yake. Uchunguzi wa taifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanywa Tanzania mwaka 2009, ambao Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kilishiriki pamoja na UNICEF, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na takriban mvulana 1 katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya watoto wa jinsia zote mbili walipata kufanyiwa ukatili wa mwilini. Kule Kenya uchunguzi kama huo wa mwaka 2010 ulikuta kwamba asilimia 32 ya wasichana na asilimia 18 ya wavulana walifikwa na ukatili wa kingono kabla ya umri huo. Hao ni watoto wa jana, na leo ni walimu, makondakta, wauguzi na wazazi, wakitembea nasi njiani na machungu yao vifuani. Kwetu hali huzidishwa na adabu ya kusitiri, ambayo ni adabu njema mahali pake, lakini hugeuka dhuluma ya pili pale mtoto anapoambiwa kwamba mambo ya nyumbani hayatoki nje, kwa sababu fikra isiyopata kusemwa haipati mtu wa kuikosoa, na uongo wa kwamba kosa ni la mtoto hukua bila ya kupingwa. Tena akisema ukubwani huambiwa kwamba yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ina hekima kwa mambo yaliyokwisha kweli, bali jambo linalowazwa kila usiku bado halijapita.

Hata hivyo kusema nako kuna kipimo chake. Amanda Rose wa chuo kikuu cha Missouri alionyesha mwaka 2002 kwamba marafiki, hasa wasichana, wanaokutana kila mara kuyarudia machungu yale yale na kuyachambua upya huongeza mapenzi baina yao, lakini desturi hiyo hufungamana pia na huzuni na wasiwasi zaidi. Rafiki mwema, basi, ni yule asikilizaye mpaka mwisho, akamwondolea mwenzake lawama asiyostahili, kisha akamuuliza: "Sasa, ndugu yangu, kesho tufanye nini?"

Habari njema ni kwamba tabia iliyojifunzwa yaweza kuondolewa kwa mafunzo mengine. Watkins alitengeneza tiba ya mazungumzo inayolenga desturi hii yenyewe, ambamo mgonjwa hufundishwa kutambua saa, mahali na hali zinazoyaamsha mawazo, na kuweka kitendo mahali pa mzunguko. Na katika jaribio dogo la wagonjwa 42 waliokuwa hawajapona sawasawa kwa dawa, lililotangazwa mwaka 2011, asilimia 62 ya walioongezewa tiba hiyo walipata nafuu kamili, dhidi ya asilimia 21 ya walioendelea na matibabu ya kawaida. Kabla yake, mwaka 2000, John Teasdale, Zindel Segal na Mark Williams walionyesha kwamba mafunzo ya kutulia na kuyatazama mawazo yakija na kuondoka, bila ya kuyafuata wala kupigana nayo, yalipunguza kurudi kwa sonona kutoka asilimia 66 hadi asilimia 37 miongoni mwa watu waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi.

Na asiye na uwezo wa kumfikia mtaalamu asikate tamaa, maana mfano ulio karibu nasi zaidi umetoka Zimbabwe, nchi ambayo wakati huo ilikuwa na madaktari wa akili wachache mno. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaa wa Mbare, Harare, tiba nyepesi ya kutatua matatizo, inayotolewa juu ya benchi la mbao katika uwanja wa zahanati. Mgonjwa anayelalamika kwamba mawazo yamemzidi huketi na bibi, husikilizwa, huyataja matatizo yake yote, kisha huchagua moja tu na kupanga hatua moja. Jaribio lililotangazwa mwaka 2016 kwa watu 573 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita nusu ya waliopata huduma ya kawaida bado walikuwa na dalili za sonona, ilhali miongoni mwa walioketi na mabibi walibaki kama mmoja katika kila saba.

Yapo mambo mawili ya kutahadhari nayo. La kwanza ni kwamba kuwaza na kuwazua hakuelezi kila kitu: umaskini, ukoo, ulevi, upweke na ukatili unaoendelea vina sehemu yao, na mtu anayepigwa mpaka leo hahitaji kufundishwa namna ya kuwaza kabla ya kuondolewa katika hatari. La pili ni kwamba maarifa haya yasigeuzwe fimbo mpya ya kumpigia mgonjwa kwa kumwambia kuwa anajiletea mwenyewe, kwani tabia hiyo aliizua akiwa mtoto, katika jitihada ya kujiokoa, na lawama ya mwanzo ni ya yule aliyemfanya aihitaji.

Basi, ndugu msomaji, ikiwa mawazo ya zamani yanakunyima usingizi na kazi kwa majuma mfululizo, usiyafiche: nenda hospitali ya wilaya uombe kumwona mhudumu wa afya ya akili, na ikiwa umefika mahali pa kutamani kufa, usingoje kesho. Ikiwa wewe ni mzazi au mwalimu, pima maneno yako kama unavyopima dawa, maana mtoto hana njia ya kuyakataa. Na ukimwona mtoto anayedhulumiwa, piga simu namba 116, ambayo Tanzania na Kenya zimeiweka kwa ajili ya watoto na haitozi malipo. Mtu mzima aliyejeruhiwa utotoni anaweza kutibiwa. Lakini ni bora zaidi, na gharama yake ni ndogo zaidi, mtoto asijeruhiwe.